Ubaridi kwa Kiasi, na Haki ya Jirani



Kaskazi imeshashika, na kila aliye na dari ya zege juu ya kichwa chake anaijua habari yake. Mchana hapa Mombasa joto hufika nyuzi 32 au 33 kivulini, na usiku halishuki kama linavyoshuka bara. Hewa hujaa unyevu wa bahari, shuka hulowa jasho, na watoto huamka saa 8 za usiku wakililia maji. Miaka hii Ramadhani nayo imeangukia ndani ya msimu huu, hivi kwamba mwanamke aliyefunga husimama mbele ya jiko alasiri nzima akitayarisha futari, kisha hurejea chumbani usiku akakuta kuta zinatoa joto zililolikusanya tangu asubuhi. Ndiyo maana mazungumzo ya viyoyozi, au eisii kama tuziitavyo mitaani, yameingia hata katika nyumba ambazo zamani zilikiona chombo hiki kuwa ni cha hoteli na benki.

Nyumbani kwetu mazungumzo hayo yaliletwa na maradhi. Mavyaa wangu, ambaye tunaishi naye, amepita miaka 70 na anatumia dawa za presha, mojawapo ikiwa ni ile ya kupunguza maji mwilini. Kaskazi ya mwaka juzi alizimia mara mbili katika muda wa wiki moja, mara zote mbili alfajiri, alipoinuka kwenda kutawadha. Daktari alitufafanulia kwa utulivu kwamba mwili wa mtu mzima wa umri wake hautoi jasho kwa wepesi wala hauhisi kiu mapema, na kwamba dawa ya kupunguza maji huongeza hatari wakati wa joto. Alirekebisha kipimo cha dawa, akatuagiza tumnyweshe maji kwa wakati maalumu, kisha akasema neno ambalo hatukulitarajia: mzee huyu apatiwe chumba chenye ubaridi wa kumwezesha kulala usiku mzima.

Mwenyewe hakutaka kusikia. "Mimi si samaki wa kuwekwa kwenye barafu," alisema, na wajukuu wakacheka. Lakini nyuma ya mzaha wake palikuwa na jambo zito. Alijua mshahara wa mwanawe. Alijua karo ya skuli ya watoto wawili na ada ya madrasa. Hakutaka pumzi yake ya usiku ilipwe kwa daftari za wajukuu.

Hapo ndipo nilipoanza kulisoma jambo hili kwa makini, na ninayoyaandika leo ni matunda ya kusoma huko na ya misimu miwili ya kuitazama mita. Dini yetu imetukataza israfu, na imetukataza pia kujidhuru. Baina ya makatazo hayo mawili pana nafasi ya kiasi, na kiyoyozi ni chombo kinachohitaji kiasi kuliko vyombo vyote vya nyumbani. Swali halikuwa kama tununue au tusinunue. Swali lilikuwa ni ubaridi kiasi gani, wa nani, kwa saa ngapi, na nani mwingine atakayeulipia bila kuulizwa.

Kabla ya kwenda dukani, dada zangu, funga kwanza milango ya joto. Mavyaa alizaliwa katika nyumba ya Mji wa Kale, yenye kuta nene za mawe ya matumbawe, dari iliyoinuliwa juu kwa boriti za mikoko, na uwanja wa ndani uliopitisha hewa kutoka chini hadi juu. Vichochoro vyembamba vilikuwa vinatiliana kivuli, ukuta kwa ukuta. Yeye husema nyumba ile ilikuwa inavuta pumzi. Nyumba zetu za leo za matofali membamba na paa bapa la zege hazivuti pumzi. Hunywa jua mchana kutwa na kulitapika usiku. Ukiweka kiyoyozi katika chumba cha namna hiyo bila kukitengeneza, unanunua stima ya kupigana na paa lako mwenyewe.

Sisi tuko orofa ya juu kabisa. Tulipaka paa rangi nyeupe ili lirudishe jua lilikotoka. Dirisha la magharibi, linalopigwa na jua la alasiri, tulilitengenezea kivuli cha makuti kwa nje, kwani jua likizuiwa kabla ya kufika kwenye kioo halipati nafasi ya kuingia. Pazia la ndani hulisitiri jua lakini joto linakuwa limeshakaribishwa. Dirisha lenyewe lilikuwa la vioo vya kupangana, ambavyo havifungiki sawasawa hata ukivibana namna gani, basi tukaliwekea kioo kizima cha kufungua na kufunga. Chini ya mlango tukatia kipande cha mpira. Kipimajoto cha ukutani kilichokuwa kikisoma nyuzi 31 saa 4 usiku kikashuka hadi 29. Nyuzi mbili si haba, na kwa baadhi ya nyumba hizo pamoja na feni zinatosha kabisa. Feni ya dari hula wati 60 hadi 75 tu, yaani usiku mzima haimalizi hata uniti moja, na maadamu hewa ya chumba iko chini ya nyuzi 35 hivi, upepo wake husaidia jasho likauke na mwili upoe. Mimi na mume wangu na watoto tunalala kwa feni hadi leo. Kiyoyozi ni cha chumba kimoja, cha mtu mmoja mwenye haja nacho.

Tukaja kwenye ukubwa. Shemeji yangu aliye Muscat, Mwenyezi Mungu amjaze kheri, alijitolea kuchangia, na kwa mapenzi yake kwa mamake akataka tununue cha BTU 24,000. Huko aliko joto la kiangazi hupita nyuzi 40 na mitambo huwa haizimwi kwa miezi. Na duka tulilokwenda kwanza muuzaji alitusukumia cha 18,000 kabla hata ya kuuliza chumba kina ukubwa gani. BTU ni kipimo cha nguvu ya kuondoa joto kwa saa. Kwa chumba cha kawaida cha kulala, hesabu ya makisio ni BTU 600 hadi 700 kwa kila mita moja ya mraba. Chumba cha mama ni mita 3 kwa mita 3 na nusu, yaani mita za mraba 10 na nusu. Ukizidisha unapata kama 7,000, na ukiongeza kidogo kwa ajili ya paa la zege, unafika 9,000, ambacho ndicho kipimo kidogo kinachopatikana kwa urahisi madukani.

Wengi hudhani kikubwa ni bora kwa kuwa kitapoza haraka. Kwa pwani yetu dhana hii ina madhara. Kiyoyozi hufanya kazi mbili: huondoa joto na hukausha hewa. Ile ya pili ndiyo iliyokizaa chombo chenyewe. Mwaka 1902 mhandisi wa Marekani, Willis Carrier, aliubuni mtambo wake kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, ambako unyevu wa hewa ulikuwa ukivimbisha karatasi na kuzifanya rangi zisikae mahali pake. Hakuwa akitafuta raha ya watu. Alikuwa akitafuta hewa kavu. Sasa mtambo mkubwa katika chumba kidogo hufikia nyuzi ulizoziomba kwa dakika chache, ukajizima kabla ya kukausha hewa. Matokeo yake ni chumba cha baridi chenye unyevu, shuka zinazonuka, na mzee anayelalamika mifupa. Mtambo uliokadiriwa hufanya kazi polepole kwa muda mrefu, na maji huyaona yakitiririka kwenye bomba lake. Chetu hutoa lita 5 au 6 kwa usiku, tunazozitumia kupigia deki na kumwagilia asumini.

Jambo la tatu ni lebo. Kanuni za Kenya za mwaka 2016 kuhusu matumizi ya nishati ya vifaa zinataka viyoyozi vya nyumbani viwe na lebo yenye nyota, na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ndiyo inayosimamia. Nyota zikiwa nyingi hadi tano, stima inayoliwa ni kidogo kwa ubaridi ule ule. Lakini usitosheke na nyota; soma na tarakimu. Tafuta nguvu ya kupoza kwa wati, kisha igawe kwa wati za stima inazokula. Jawabu lake huitwa EER. Tuliletewa viyoyozi viwili vya BTU 9,000, vyote vikipoza kwa kiasi cha wati 2,640. Cha kwanza kilikuwa kinakula wati 940, jawabu 2.8. Cha pili kilikuwa kinakula wati 690, jawabu 3.8. Kwa macho vilifanana kama pacha. Cha pili kilikuwa ghali kwa shilingi 14,000, nacho kilikuwa cha aina ya inverta.

Inverta maana yake ni nini? Kiyoyozi cha kawaida kina kasi moja tu: huwaka kwa nguvu zake zote, hufika, hujizima, halafu huwaka tena kwa nguvu zote. Ni kama dereva wa matatu asiyejua ila kukanyaga mafuta na kukanyaga breki. Inverta hupunguza kasi yake kadiri chumba kinavyokaribia nyuzi ulizotaka, kisha huendelea taratibu usiku kucha. Kwa mtu atakayekiwasha saa 7 kwa mfululizo, kama sisi, faida ni kubwa. Kwa mtu atakayekiwasha nusu saa wageni wakija, faida ni ndogo, na huenda asiirudishe ile bei ya ziada. Mjue mtumiaji wako kabla ya kumjua muuzaji.

Iko pia habari ya gesi iliyomo ndani ya mabomba, ambayo wachache huuliza. Gesi ya zamani iitwayo R22 hula tabaka la ozoni, na mataifa yalikubaliana kuiondoa kupitia Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 na marekebisho yake. Iliyofuata, R410A, haidhuru ozoni, lakini ikivuja hewani kilo moja yake huongeza joto la dunia zaidi ya mara 2,000 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa. R32, inayopatikana katika mitambo mingi mipya, ni kama mara 675. Si safi kabisa, lakini ni thuluthi tu ya ile. Mwaka 2016, mjini Kigali, mataifa yalikubaliana kuzipunguza gesi hizi hatua kwa hatua. Kwa hiyo usikubali mtambo wa mtumba wenye R22 kwa kuwa ni rahisi: utakula stima, na gesi yake itazidi kuadimika. Na ujue kwamba gesi haiishi kama mafuta ya gari. Fundi akikwambia kila mwaka kuwa gesi imekwisha, maana yake pana tundu, naye anakujazia juu ya tundu. Mwambie alitafute na aliziba kwanza. R32 hushika moto kwa kiasi, basi atakayeishughulikia awe ni fundi aliyefunzwa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonisukuma kushika kalamu.

Kiyoyozi hakiteketezi joto, hulihamisha. Kile kinachotolewa chumbani mwako, pamoja na joto la mtambo wenyewe, hutupwa nje na lile sanduku lenye feni kubwa. Mtambo wetu mdogo ukifanya kazi kwa nguvu zake zote hutupa nje zaidi ya wati 3,000 za joto, sawa na pasi tatu za stima zilizowashwa kwa pamoja. Na kwetu sisi, "nje" ni wapi? Mitaa yetu imebanana. Ukuta wetu wa kaskazini umetenganishwa na jumba la pili kwa kichochoro kisichofika mita mbili, na mbele ya mahali ambapo fundi alitaka kulifunga sanduku lile pana dirisha la chumba cha jirani yetu. Alikuwa hajatoka arubaini. Mtoto wake mchanga alikuwa analala nyuma ya dirisha lile lile, likiwa wazi usiku na mchana kwa kuwa hawana kitu kingine cha kuwapa hewa.

Fundi alituonyesha kuwa hapo ndipo karibu zaidi: bomba fupi, kazi ya saa mbili. Kulipandisha juu ya paa kungehitaji mita 5 zaidi za bomba la shaba, waya, na vyuma vya kulishikilia, kwa nyongeza ya shilingi 6,500. Mume wangu, ambaye alishahesabu hadi shilingi ya mwisho, alinyamaza. Alisema kila mtu mtaani ameweka hivyo hivyo, na ni kweli. Ukiinua macho katika kichochoro chetu utayaona yamepangana kama vizimba vya njiwa, kila moja likimpulizia mwenzake. Wala hakusema kwa ubaya. Pesa zile zilikuwa za muhula unaofuata.

Tulikuwa tunazungumza ukumbini tukidhani mama amelala. Akatoka amejitanda leso yake, akaketi. Akauliza joto la chombo chake litakwenda wapi. Mwanawe akamweleza. Akauliza yule mtoto ana siku ngapi. Nikamwambia, ishirini na nane. Akasema, "Basi mwanangu, sitalala kwenye ubaridi unaomchemsha mwana wa watu. Nirudishieni feni yangu." Hakupandisha sauti. Mume wangu aliinuka, akambusu mkono, na asubuhi yake akamwambia fundi alete vyuma vya paa. Zile 6,500 tulizipata kwa kuahirisha seti ya mapazia niliyokuwa nimeiwekea pesa kidogo kidogo, na sijaikumbuka tena.

Haki ya jirani tumefundishwa tangu chuoni, nayo tunaijua katika chakula, katika sauti, katika kumzuru mgonjwa. Chombo hiki kimeiletea haki hiyo mlango mpya. Kabla hujatoboa ukuta, simama dirishani uangalie: hewa hii ya moto itampiga nani usoni? Maji haya yatadondokea kwenye mlango wa nani? Mngurumo huu utamwamsha mzee wa nani? Na wakaazi wa Mji wa Kale wa Mombasa wana la ziada, kwa kuwa eneo lao ni urithi uliohifadhiwa kisheria. Waiulize ofisi ya uhifadhi kabla ya kuzigusa kuta za mbele.

Juu ya paa napo pana adabu zake. Sanduku likae kivulini lakini lisifunikwe, maana likikosa hewa hujipumulia joto lake lenyewe na kula stima zaidi. Tumelijengea kibanda cha mabati mawili kilicho wazi pande zote nne. Chumvi ya bahari hula alumini na vyuma, basi tulichagua lenye mapezi yaliyopakwa dawa ya kuzuia kutu, na kila mwezi kijana wetu hulizima, akalimwagia maji matamu taratibu bila shinikizo. Umeme wake una waya wake peke yake na swichi yake ya kukata. Kamwe usichomeke kiyoyozi kwenye waya wa kuunganishia pamoja na jokofu na runinga. Na siku ya kufunga, hakikisha fundi ameleta pampu ya kuvuta hewa na unyevu kutoka kwenye mabomba kabla ya kuifungulia gesi. Anayeruka hatua hiyo huharakisha kazi yake na kufupisha maisha ya mtambo wako.

Kukiendesha ni nusu ya elimu. Sisi tumeweka nyuzi 26, na feni ya dari ikizunguka polepole. Upepo ule mdogo humfanya mtu ahisi ubaridi wa nyuzi mbili zaidi. Watoto walipozoea rimoti walikuwa wakiishusha hadi 16 wakidhani kitapoza haraka. Haifanyi hivyo, inakiambia tu kisisimame. India, nchi yenye viyoyozi vingi na joto kali, iliagiza kwamba kuanzia Januari 2020 mitambo mipya ya vyumba yenye lebo ya nyota iwe ikiwashwa inaanzia nyuzi 24, kwa hesabu yao kwamba kila nyuzi moja unayoipandisha huokoa kama asilimia 6 ya stima. Usiku wa mvua au wa kusi, ambapo shida ni unyevu kuliko joto, tunatumia kile kitufe chenye alama ya tone la maji, hukausha hewa bila ya kuigandisha.

Kinawashwa saa 4 usiku, baada ya mama kumaliza nyiradi zake, na kimetegeshwa kujizima saa 11 alfajiri. Hivyo anapoinuka kwa ajili ya Swala, chumba kimeanza kurudi katika hali ya nyumba nzima, na mwili wake haushtuki anapotoka mlangoni. Asubuhi madirisha hufunguliwa wazi, kwani kiyoyozi cha namna hii hakileti hewa mpya. Huizungusha ile ile. Kila wiki mbili natoa wavu wa vumbi, nauosha kwa maji na sabuni kidogo, naukausha kivulini. Ni kazi ya dakika kumi, na wavu uliojaa vumbi ndio sababu ya kwanza ya mtambo kula stima bila kupoza.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ninalo daftari. Usiku wa joto kali kinakula uniti 3, usiku wa kawaida 2 na nusu. Kwa wepesi wa hesabu tuchukue shilingi 30 kwa uniti pamoja na kodi na tozo zake: ni shilingi 90 kwa usiku, 2,700 kwa mwezi. Fundi alinikadiria kuwa kile cha kasi moja, kwa nyuzi zile zile, kingepita uniti 4. Tofauti ya uniti moja kwa usiku ni shilingi 900 kwa mwezi, 3,600 kwa miezi minne ya kaskazi. Basi zile 14,000 za ziada zitajirudisha katika kaskazi nne, na mtambo uliotunzwa huishi zaidi ya hapo. Jamaa yetu mmoja mwenye cha kasi moja, anayelala kwa nyuzi 18, anapima uniti 6 na nusu kwa usiku. Chumba ni cha ukubwa ule ule. Analipia zaidi ya maradufu, na bado anajifunika blanketi.

Jihadharini pia na daraja za bei. Tangu mpangilio wa mwaka 2023, nyumba inayotumia zaidi ya uniti 100 kwa mwezi huingia katika daraja la juu la bei. Sisi tulikuwa tukitumia kama 80, na kiyoyozi kingetupeleka 170. Tulibadilisha mpira wa mlango wa jokofu uliokuwa umelegea, tukaweka balbu za LED nyumba nzima, na nguo tukazipiga pasi mara moja kwa wiki badala ya kila asubuhi. Tukafika 150. Hatukuweza kurudi chini ya 100, lakini gharama iliyobaki tunaijua ni ya nini, nayo imewekwa katika bajeti mbele ya mapazia na nyuma ya karo.

Kaskazi mbili zimepita tangu hapo, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu mama hajaanguka tena. Analala. Jirani yetu naye mtoto wake sasa anatembea, na huja kugonga mlango wetu akimwita mama "bibi" kama wanavyomwita wajukuu wake.

Kwa anayekusudia kununua msimu huu, ushauri wangu ni huu kwa ufupi. Tengeneza chumba kwanza. Pima mita za mraba kabla ya kutoka nyumbani, na uende dukani na karatasi yenye tarakimu. Uliza nyota, uliza wati, uliza gesi. Chagua chumba kimoja, cha yule mwenye haja zaidi, mzee, mgonjwa, au mzazi mwenye mtoto mchanga, na wengine watosheke na feni. Kisha, kabla ya fundi kupanda ngazi, mgongee jirani mlango umuulize.

Mwenyezi Mungu awape afya wazee wetu, azitie baraka nyumba zetu, na atujaalie tuwe majirani wema. Wabillahi tawfiq.